Madigadi ya Landrova na Kitambaa cha Cucu Wangeci

Gachoki, hata ng'ombe akikukanyaga mguu husimama kidogo ashangae. Wewe ulipitia kwenye dimbwi, ukawamwagia matope akina mama waliotoka kanisani, kisha ukaongeza mwendo. Nani alikufundisha hayo? Si mimi. Si mama yako. Ni hizo tairi zako zilizokufundisha, na leo nimezivalisha nguo.

Jumatano. Mvua nyembamba tangu alfajiri, ile isiyosaidia shamba lakini inamlowesha mtu mpaka mifupa. Mlima umejifunika tangu juzi na sina haja ya kuuona, najua uko pale. Nimekaa jikoni karibu na moto, miwani puani, simu mkononi. Magoti yanauma. Moyo hauumi. Nimekasirika tu, na hasira yangu siku hizi ni kama chai iliyosahauliwa mezani. Ni baridi, lakini bado ni chai.

Wairimu, mjukuu wangu aliye Nyeri mjini, ndiye aliyenifungulia ukurasa huu mtandaoni. Aliniambia, "Cucu, andika tu vile unaongea." Sasa naandika, na kuna watu wananiambia Kiswahili changu kina makosa. Shule nilitolewa mapema nikachunge mbuzi. Kusoma kwa kweli nilijifunzia ngumbaru, mtoto mgongoni, jioni baada ya kuchuma kahawa, miaka ile tumepata uhuru na serikali inataka hata watu wazima wajue kuandika majina yao. Anayetafuta makosa aanzie kwake.

Turudi kwa Gachoki.

Gachoki ni kifungua mimba wa kijana wangu Njogu. Kwa desturi yetu mtoto wa kiume wa kwanza anapewa jina la babu yake, kwa hivyo ana jina la marehemu mume wangu. Ndiyo maana namwita "mume wangu" mbele za watu na watu wanacheka. Na ndiyo maana nina haki ya kumgombeza mara mbili. Mara ya kwanza kama cucu yake, yaani nyanya yake, mara ya pili kama mke.

Landrova ilikuwa ya yule mume wa kwanza, marehemu. Aliinunua kuukuu kwa mzungu aliyekuwa akiuza kila kitu ili arudi kwao, baada tu ya uhuru. Ni ile ndefu ya kijani, yenye milango miwili kila upande na mmoja wa mizigo nyuma. Imebeba kahawa kwenda kiwandani. Imebeba wanawake wenye uchungu wa kujifungua, na mmoja alijifungulia ndani. Imebeba majeneza, na la mwenyewe lilikuwa mojawapo. Mume wangu alipomkuta mtu wa miguu njiani alikuwa anapunguza mwendo mpaka injini inataka kuzima, anatoa kichwa, anasalimu, anauliza habari za mbuzi na za watoto, kisha anaondoka. Tulikuwa tunachelewa kila mahali. Nilikuwa nikilalamika.

Jina tulimpa Gachoki huyu mdogo. Mguu wa kukanyagia breki hatukuweza kumpa.

Sasa ndiye anaiendesha. Anabebea watu mazao kutoka miinuko ya juu kwenda soko la Kagio, kazi nzuri, sina neno. Mwezi uliopita akaja na tairi mpya, pana kama za trekta. Za zamani alikuwa ameshaziuza Karatina kabla mimi sijajua, kwa hivyo kurudi nyuma hakuna. Tairi hizi zimetokeza nje ya mwili wa gari kama magoti ya mtu aliyevaa kaptura ya mwanawe. Bati la juu, lile tunaloita madigadi, linafunika nusu tu. Nusu nyingine iko wazi, inachota matope na kuyarusha juu na pembeni kama mtu anayepanda mbegu kwa mikono miwili.

Nilimwambia. Akasema, "Cucu, hii ndiyo staili."

Jumatatu nilikuwa Kagio na ndizi zangu. Karibu nami hukaa Nyaguthii, muuza nyanya kutoka pande za Kianyaga, mwanamke mwenye mdomo ambao Mungu alisahau kuuwekea mlango. Akanisubiri nipange ndizi zote.

"Mama Njogu, Jumamosi bado mnakuja kwetu?"

"Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Naona tu ati siku hizi mnatuma matope kwanza, halafu mbuzi wafuate."

Jumamosi hii ndiyo siku yetu ya kwenda kuhanda ithigi. Kwa msomaji asiyejua, ni siku ya kwanza ya upande wa kijana kufika rasmi kwa akina msichana, na mbuzi, ili ijulikane kwamba msichana huyo ameombwa. Msichana wa Gachoki anaitwa Wangeci, ni wa Kianyaga. Ana adabu na anajua kuchemsha nduma zisiwe maji. Nilimkubali.

Nyaguthii akanipa yote, polepole, kama mtu anayemenya miwa. Jumapili akina mama walikuwa wanatoka kanisani, wanateremka ule mteremko wa udongo mwekundu chini ya mashamba ya chai. Landrova ya kijani ikaja mbio. Ikaingia kwenye dimbwi. Akina mama wote wakageuka rangi. Aliyekuwa kando kabisa, aliyepata ya kichwa na ya uso, alikuwa Cucu Wangeci.

Yaani cucu yake yule msichana. Mama ya baba yake, yule ambaye msichana alipewa jina lake.

Ukimwagia matope cucu wa watu umefanya kosa. Ukimwagia cucu ambaye jina lake ndilo unalokwenda kuomba Jumamosi, umemwagia msichana mwenyewe, maana kwetu hao ni mtu mmoja aliyezaliwa mara mbili. Na siku kama hiyo wazee wa kule hawawezi kutufungulia ikiwa yule mwenye jina amekaa ndani na mgongo umetugeukia.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Yeye hasemi mengi. Kile kitambaa chake cheupe cha kichwa hajakifua. Amekianika kwa ua, pale kando ya mlango wa boma, na matope yake yote. Anasema hicho ndicho kitawapokea."

"Na gari?"

"Ati hiyo gari haipiti kwa mlango wake hata ikibebwa na malaika."

Niliuza ndizi zilizobaki. Sikupunguza bei.

Jioni nilimwita Gachoki. Nikamuuliza kama aliwaona wale akina mama. Akasema aliwaona, lakini dirisha lilikuwa limefungwa na alikuwa amechelewa.

"Umechelewa kwenda wapi?"

"Kumwona Wangeci."

Nikamwacha ajisikie mwenyewe.  Kisha akakaa kwenye kigoda kama gunia lililofunguliwa kamba. Akasema tangu Jumapili hiyo msichana hashiki simu yake na yeye alikuwa anadhani ni mtandao.

Mtandao! Vijana wana wa kumlaumu daima.

Alipoinua kichwa, alikuwa tayari na dawa. Kuna vitu vinauzwa, akasema, vya kubandika juu ya tairi, vya kupanua madigadi, ili matope yasirushwe. Akanionyesha picha kwenye simu. Magari yenye mabega kama wapiganaji wa ngumi. Akasema tukiweka hizo, Jumamosi gari itafika bila kumchafua mtu, na cucu akiona tumetengeneza ataelewa.

Sikumwambia kwamba kitambaa kilichochafuka hakifuliwi na bati. Nilimwambia tu kwamba ninakwenda naye kununua. Nilijua nikimwachia atanunua kwa macho.

Leo asubuhi tumeteremka Sagana, ambako kuna duka la vyuma na vipuri karibu na makutano. Gachoki alikuwa amevaa viatu vyake vyeupe, vile anavyovisugua kwa mswaki. Pale nje ya duka kulikuwa na matope, na mume wangu akawa anaruka kutoka jiwe hadi jiwe kama mbuzi. Mimi nilikuwa na gumboots zangu. Nilipita katikati.

Mwenye duka ni kijana mnene, mchangamfu, anaitwa Kariuki. Aliniita shosho, ile cucu ya mjini, kabla hata sijaketi. Akatoa mzigo wake wa kwanza, na Gachoki akapotea hapo hapo. Plastiki nyeusi, pana, inang'aa, na vichwa vya bolti vimepangwa ukingoni kama meno. Nusu ya bolti hizo hazishiki kitu, ni za urembo. Nilizigusa, zikazunguka.

"Hizi ndizo vijana wanachukua, shosho," Kariuki akasema.

Wakashika lile la tairi ya nyuma wakalisimamisha mahali pake, mmoja huku, mwingine kule, wakawa wanalitazama kama watu wanaotazama mtoto mchanga. Mvua ikazidi. Mimi nilitaka kuingia garini nikae. Kiti changu ni cha nyuma, siku zote. Nikavuta mlango wa nyuma.

Mlango ukagonga plastiki ukasimama. Mkono wangu tu ndio ungeingia.

Maana kwenye landrova ndefu kama yetu, mlango wa nyuma umekatwa chini ukafuata mviringo wa tairi. Madigadi yale yalikuwa yametengenezwa kwa landrova fupi, isiyo na mlango mahali hapo. Kama yangefungwa, milango miwili ya nyuma ingekuwa ukuta.

Wanaume wawili, na hakuna aliyefikiria kufungua mlango.

Kariuki hakukosa neno. "Shosho, si wazee wanaweza kuingilia ule mlango wa mizigo?"

"Na mbuzi waingilie wapi?"

"Mbuzi pia huko."

"Kwa hivyo wazee wa ukoo wetu washuke Kianyaga kwa mkia wa gari, wamechanganyika na mbuzi, na wewe uje utueleze nani ndiye mahari?"

Alicheka mpaka akashika tumbo. Gachoki hakucheka. Akayarudisha yale meno kwenye rafu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mchumba.

Ya pili yalikuwa laini, ya nyuzi za kioo zilizogandishwa, ya kupakwa rangi yoyote unayotaka. Nikayagonga kwa kidole. Yakalia kama kibuyu kitupu. Nikauliza yakipigwa na jiwe inakuwaje. Kariuki akasema yanapasuka lakini yanazibwa. Njia zetu za juu ni mawe na mizizi ya mikaratusi. Nilikataa.

Ya tatu yalikuwa ya kubandika kwa gundi, bila kutoboa tundu lolote. Hapa nitasema ukweli. Niliyataka hayo. Sikupenda mwili wa ile gari utobolewe. Marehemu mume wangu aliupangusa kwa kitambaa miaka mingi, na bati lake jeupe la chini ya rangi, lisiloshika kutu, lilikuwa fahari yake. Nikauliza gundi hiyo inashika mpaka lini, kwa mvua yetu na ukungu wetu. Kariuki akaanza kutafuta kitu kwenye droo.

Jibu nililipata.

Ya nne yalikuwa chini ya meza, yamekunjwa, yana vumbi. Mpira mtupu, mweusi, mzito, bila mng'aro. Yale ya nyuma yalikuwa yamekatwa kufuata mlango. Nikaweka moja sakafuni nikalikanyaga kwa gumboot na uzito wangu wote. Likalala. Nikaondoa mguu, likarudi lilivyokuwa bila kulalamika. Ningezaa watoto wa namna hiyo, ningepumzika.

"Cucu, hizi ni mbaya," Gachoki akasema. "Zinafanana na gumboots."

"Na kwenye matope watu huvaa nini?"

Akaangalia viatu vyake.

Nikamwambia achukue kijiti, akiweke sawa na ukingo wa mpira, akiteremshe moja kwa moja mpaka kwenye tairi. Kama tairi inachungulia nje ya kijiti, hatujanunua kitu. Haikuchungulia. Kisha nikaamuru madigadi ya mbele yashikwe kwa bolti chache tu, watu waingie ndani wakae, na usukani uzungushwe mpaka mwisho, kushoto na kulia. Gari tupu hudanganya. Ikipakiwa inaketi chini, na tairi inapokatwa kona inakwenda kutafuna kilicho juu yake. Kariuki akaingia, na uzito wake ulitosha wazee wawili. Upande wa kushoto mpira ukaguswa kidogo. Akatoka, akapunguza kwa kisu, akazungusha tena. Sauti ikaisha.

Halafu ikaja drili.

Niligeuka nikaangalia upande wa mto. Mto Sagana ulikuwa mwekundu, umebeba udongo wa watu wa juu. Nilisikia tundu la kwanza. Nilisikia la pili. Mengine sikuyasikiliza. Nilisema neno moja tu, kwamba kila bolti iwekewe kipande cha mpira chini yake, maana chuma na bati lile havipendani, vikigusana na maji yakiingia, bati hugeuka unga. Hilo mume wangu alilirudia mpaka nikalikariri bila kutaka.

Ni gari tu. Sikulia.

Kwenye kiondo changu nilikuwa nimebeba kitu. Ulipofika wakati wa kuondoka, nilikitoa. Kitambaa changu cheupe cha kanisani. Nikakifunga kichwani, nikamwambia Gachoki anisogeze mpaka kwenye ile njia ya udongo iliyo kando, penye dimbwi kubwa ambalo malori yamelichimba. Nikashuka. Nikasimama ukingoni, kando kabisa, mahali mtu wa miguu angesimama.

"Rudi nyuma kule," nikamwambia. "Uje vile ulivyokuja Jumapili. Mwendo ule ule."

Hakuelewa. Kisha akaelewa. Akatoa kichwa dirishani.

"Cucu, hapana. Siwezi kukumwagia matope."

"Kwa nini?"

"Wewe ni cucu yangu."

"Yule wa Jumapili alikuwa cucu wa nani?"

 Mvua ilikuwa inampiga usoni na hakurudisha kichwa ndani. Kariuki alikuwa ametoka dukani na mwavuli, akasimama mbali.

"Yule uliweza," nikasema. "Kuja."

Akarudi nyuma. Akaja.

Nitaandika kama nilivyoona, bila chumvi. Gari ilikuja kwa kelele. Tairi ziliingia dimbwini. Yale matope ya juu, yale yanayoruka kama mbegu, yaligonga mpira yakarudi chini. Kitambaa changu kilibaki cheupe. Uso ulibaki mkavu. Lakini maji ya chini yalipasuka pembeni kama vile dimbwi limepigwa kofi, yakanipata kutoka magotini kwenda chini. Sketi yangu ya kijivu ikawa nyekundu.

Akasimama mbali, akaja mbio kwa miguu. Viatu vyeupe vikaingia dimbwini na hakuviangalia. Hilo nililiona pia, na ninaliandika kwa sababu mimi si mtu wa kuandika mabaya peke yake.

"Sasa tena," nikamwambia. "Polepole. Kama babu yako."

Akarudia. Polepole, injini inataka kuzima. Maji yalisogea yakafika kwenye gumboots zangu, yakagusa, yakarudi. Hapakuwa na kitu.

Nilimwonyesha sketi. Nilimwonyesha kitambaa. Nikamwambia, "Mpira umezuia yaliyo yake. Haya mengine ni ya mguu wako. Na la tatu hapa halipo kabisa, la kusimama. Hilo duka la Kariuki haliuzi."

Kariuki akasema, "Ni kweli, shosho, hilo sina." Angalau ni mkweli wakati amelowa.

Tumerudi nyumbani. Njiani, kwenye kilima, tuliwapata watoto wa shule wamejipanga ukingoni, mabegi yamefunikwa kwa karatasi za nailoni. Gachoki alipunguza mwendo. Alipunguza mpaka mmoja wa watoto akatupita kwa miguu. Sikumsifu. Mtu hasifiwi kwa kufanya linalostahili, ataanza kulipangia bei.

Sketi sijaifua. Nimeianika kwenye ua, karibu na mahali anapoegesha gari, aione akiamka. Cucu Wangeci hatujaonana bado, lakini tayari namheshimu. Mbinu yake ni nzuri na nimeiiba.

Jioni hii Njogu, baba yake Gachoki, amenipigia simu. Anataka Jumamosi tukodishe gari nyingine, nyeupe, ya heshima, tuiache landrova nyumbani. Anasema hivyo tutapita mlangoni bila maneno. Nimemwambia apunguze woga. Tukienda na gari ya kukodi, tumekubali kwamba ile yetu ni mhalifu na tumeificha. Ile gari iliwapeleka wanawake hospitali usiku na mchana kabla yeye hajajua kujifunga kamba za viatu. Haijamkosea mtu. Aliyekosea ana leseni. Tutakwenda nayo, na wazee watashukia milango ya nyuma, wima, mmoja mmoja.

Ikiwa tutafunguliwa.

Hapo ndipo nimekaa sasa, na simu hii, na moto huu. Najua mpira ni mzuri. Najua bolti zimekazwa. Lakini Cucu Wangeci hajali bolti. Yule mama hakuanika kitambaa ili anunuliwe kingine. Wengine hapa watasema tumpelekee blanketi, mwingine atasema sukari na majani ya chai. Vitapelekwa Jumamosi, kwa mpango wake, vile inavyotakiwa. Zawadi iliyotangulia salamu inanuka. Kuna kitu kimoja tu ambacho hakikufanyika Jumapili, na hicho hakihitaji mbuzi.

Naweza kwenda mimi. Nimefikiria hivyo tangu nile. Mzee kwa mzee, tungeongea, labda tungecheka, ingeisha. Kisha Gachoki angeoa akiwa hajui kuomba msamaha, na huyo msichana mzuri angelala na mtu wa namna hiyo maisha yake yote, na siku moja angenilaumu, na angekuwa na haki.

Siendi.

Kesho ni Alhamisi. Nyaguthii ameniambia kwamba Alhamisi akina mama wa kule huwa na maombi, na Cucu Wangeci hupanda ule mteremko kwa miguu, na fimbo, mapema kabla ya wengine. Mvua hii haitakuwa imekatika. Dimbwi litakuwa pale pale.

Kwa hivyo, Gachoki, najua unasoma ukurasa huu ukijificha, sikia. Kesho asubuhi utapanda Kianyaga na landrova, peke yako. Ukimwona yule mama, utasimama kabla ya dimbwi, si baada. Utazima injini. Utashuka, utakanyaga matope mpaka alipo, utasema jina lako na jina la baba yako, na utasema ni wewe. Usiseme tairi. Usiseme dirisha. Usiseme ulikuwa umechelewa. Kisha utamfungulia mlango wa nyuma, ule unaofunguka mpaka mwisho kwa sababu cucu yako alikataa meno ya plastiki, na utanyamaza mpaka yeye aongee.

Akipanda, umpeleke kanisani kwa mwendo wa babu yako.

Akikataa kupanda, uiache gari hapo hapo, umfuate kwa miguu nyuma yake mpaka kwenye mlango wa kanisa, usimame nje kwenye mvua mpaka maombi yaishe, kisha umfuate tena mpaka kwake, upite mbele ya kile kitambaa ukikitazama.

Na uvae vile viatu vyeupe.